Miwani ya Arobaini

San Marcelino, 6 Novemba 1996

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kumbukumbu za vikao vya Klabu. Jana mwenyekiti wetu, don Abelardo Zúniga, alitangaza kuwa kumbukumbu sasa zitapigwa taipu na binti wa dukani kwake, kwa sababu maandishi yangu "yana maoni mengi." Nimekuwa katibu miaka kumi na tisa. Basi maoni yangu nitayaweka humu, na asiyaombe tena.

Kwa atakayelikuta daftari hili nikishazikwa: mimi ni Tomasa Urquía, niliuza dawa katika duka la dawa la hapa mjini miaka thelathini. Klabu ya Kengele ina wanachama kumi na mmoja, wengi tumestaafu. Tunakutana kila Jumanne saa kumi jioni nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la don Abelardo. Kengele ikishapigwa, heshima za don na doña zinabaki nje, kila mtu ni mwenzi. Tumechimba visima viwili na tumeezeka shule. Mimi ndiye mwenye kabati la miwani. Watu hutuletea miwani wasiyoivaa tena, naisafisha, naipanga kuanzia dhaifu hadi kali, na asiyeona namvalisha moja baada ya nyingine mpaka aone.

9 Novemba

Mvua. Nimeoka maandazi ya mahindi, yameungua chini.

12 Novemba

Kikao. Tarehe 26 Klabu inatimiza miaka arobaini, na don Abelardo anataka mwaka huu tuwe tumetoa miwani arobaini, isiwe thelathini na tisa wala arobaini na moja. Atakayepata ya arobaini atasimama mbele ya wageni, avae, asome maneno ya bendera yetu kwa sauti, kisha ipigwe picha. Ndivyo tunavyofanya siku zote: anayepewa anasoma, sisi tunapiga makofi. Josefina, ambaye sote tunamwita Chepina, rafiki yangu tangu tukiwa na meno ya utotoni, alininong'oneza, "Asipopatikana kipofu wa arobaini, Abelardo atanitoboa mimi jicho."

Nimehesabu. Tumetoa thelathini na tisa.

17 Novemba

Shule zimefungwa na kahawa imeanza kuiva, mji umebaki na wazee na mbwa. Wengine wote wako milimani wanachuma. Kwa hiyo nilishangaa kumwona Reina Orellana mlangoni kwangu baada ya misa, kamburuta mwanawe Nahún, kijana wa miaka kumi na sita, mrefu kama ngazi na mpole kupita kiasi. Wanachuma shamba la El Zapotal.

"Doña Tomasa, huyu mtoto haoni," Reina alisema kabla hajakaa. "Anachanganya kahawa mbichi na mbivu, mnyapara anamtukana mbele ya watu. Nyekundu iko hapo mbele ya pua yake, haioni."

"Naona, mama."

"Unaona nini? Unaona usingizi."

Nilimsimamisha mwisho wa ukumbi, nikabandika karatasi yangu ya herufi ukutani. Akasoma mstari wa juu, wa kati, na wa chini kabisa. Kisha akasoma jina la mchapishaji lililo pembeni, ambalo mimi mwenyewe silioni hata nikiligusa kwa pua.

Mtu mwenye akili zake angemwambia aende nyumbani. Mimi nilikuwa na thelathini na tisa. Nikafungua kabati, nikatoa miwani dhaifu kuliko zote, nikamvalisha.

"Vipi, afadhali?"

Akamtazama mama yake, kisha mimi. "Afadhali kidogo, doña Tomasa."

"Kidogo?"

"Sana."

26 Novemba

Sherehe ilifana. Ukumbi ulijaa, padri alikuja, vizibao vyetu vya bluu vilipigwa pasi. Nahún alivaa miwani, akasoma bendera, "Tupo kwa ajili ya jirani," kwa sauti nzuri hata Chepina akatoa leso. Picha ilipigwa mara tatu kwa sababu don Abelardo alifumba macho mara mbili. Reina alinishika mikono yote miwili.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejipenda sana.

1 Desemba

Hakuna kitu.

4 Desemba

Baridi imeshuka. Chepina alikwenda El Zapotal kununua mahindi, anasema Nahún anachuma na miwani yake, ameifunga kwa uzi nyuma ya kichwa isianguke. Nilifurahi. Chepina hakufurahi, ila hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nafurahi.

10 Desemba

Reina amekuja akiwa na matope hadi magotini. Mnyapara, don Lisandro, amemwaga gunia la Nahún mbele ya wachumaji wote na kumwambia kahawa mbichi hiyo imeharibu mzigo mzima wa jana. Wakikuta gunia jingine la namna hiyo, atafute shamba lingine. Hakuna shamba lingine litakalomchukua, wanyapara wote ni marafiki.

"Hilo la kutukanwa si kitu," Reina alisema. "Binamu yake, Elmer, anaondoka siku ya Sikukuu ya Wafalme kwenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi. Nahún amemwambia ataenda naye. Anasema kama hafai hata kuchuma kahawa ya kwao, akafae huko."

Elmer ana miaka ishirini. Kaka wa Elmer alikwenda njia hiyohiyo miaka minne iliyopita. Reina hakulitaja jina lake, na mimi sikulitaja. Tangu aondoke haijaja hata barua.

"Ile miwani, doña Tomasa. Huna kali zaidi?"

Nilimwambia nitapanda kesho nikaangalie.

11 Desemba

Naandika kabla sijavua viatu.

Nilipanda na gari la maziwa. Nilimkuta Nahún kwenye mstari wake wa mibuni, kikapu kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwomba akae nami kwenye jiwe. Nikachuma tunda moja jekundu na moja la kijani, nikayaweka kiganjani kwangu.

"Lipi limeiva?"

Alitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Doña Tomasa, usinikasirikie."

"Sijakukasirikia bado. Jibu."

"Kwangu ni rangi moja. Hili nadhani limeiva, kwa sababu ni kama limeingia kivuli. Lakini nabahatisha."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nikiwa darasa la pili nilipaka rangi picha ya punda, mwalimu akanichapa. Kumbe nilimpaka kijani."

Dukani tulikuwa tukipokea watu wa aina hii, si wengi, mmoja mmoja. Nilijua kabisa kuna macho yanayosoma herufi ya sisimizi na hayajui nyekundu na kijani. Nilijua, na sikuuliza. Swali moja tu, na lilikuwa halinigharimu chochote.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati, kwa heshima, kama kitu cha thamani.

"Mlikuwa mnapiga makofi," alisema.

Nilimwomba msamaha, nikalia kidogo, naye akaanza kunibembeleza mimi, jambo lililonizidishia aibu. Alisema tangu avae miwani kichwa kinamuuma, lakini alihofia kuivua Chepina asije akamwona. Mtoto wa watu amebeba maumivu ya kichwa wiki mbili ili sisi wazee tusijisikie vibaya.

17 Desemba

Kikao. Baada ya kengele nilisimama nikasema yote. Kwamba miwani ya arobaini si miwani ya kitu chochote, kwamba kijana anaona kuliko sisi wote ila rangi mbili hazitengani machoni pake, kwamba nilimvalisha kwa sababu tulitaka namba, na sasa anaelekea kaskazini. Nilisema "tulitaka," lakini nilikuwa namtazama don Abelardo.

Alikaa akitazama meza. Nilingoja aseme kuhusu picha, kwamba imeshatundikwa ukutani. Badala yake alinyanyua kengele, akaipiga, akafunga kikao kabla hata kahawa haijamiminwa. Akaingia dukani kwake, akafunga mlango wa kati.

Nimemjua mtu huyu miaka arobaini na bado ana uwezo wa kunishangaza kwa ubaya. Kengele. Kijana anapotea, yeye anapiga kengele.

18 Desemba

Nafuta niliyoandika jana. Sifuti kwa kalamu, yabaki niyaone.

Saa kumi na mbili asubuhi mlango uligongwa. Don Abelardo, amevaa buti kuukuu, bila kamera. "Mwenzi Tomasa," alisema, na wala hatukuwa kikaoni, "nipeleke El Zapotal." Tulipanda gari la maziwa, na Chepina nikamchukua pia, kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu na don Abelardo na hasira zangu.

Wachumaji walikuwa wamekusanyika kunywa kahawa kabla ya kuanza. Don Abelardo alikwenda moja kwa moja kwa mnyapara, mbele ya wote, Nahún na mama yake wakiwemo.

"Lisandro, rangi ya nyumba yako uliinunua kwangu. Unakumbuka?"

"Nitaisahau vipi," mnyapara alisema. "Niliagiza kahawia, ukaniuzia kijani. Miaka sita nakaa ndani ya parachichi."

Watu walicheka. Don Abelardo hakucheka.

"Nilidhani ni kahawia. Adela mke wangu siku hiyo alikwenda kwa dada yake. Rangi zote pale dukani huchanganya yeye, mimi sizioni. Nyekundu, kijani, kahawia, kwangu ni ukoo mmoja. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ninauza rangi, nitamwambia nani?"

Nilimtazama mtu yule ambaye hupigwa picha mara tatu ili atoke vizuri, amesimama kwenye matope kama anayejivua nguo mbele ya wachumaji sitini. Aliongea na mnyapara, lakini macho yake yalikuwa kwa Nahún.

"Kwa hiyo huyu kijana si mzembe, wala si mjinga. Kama yeye ni mjinga, basi mimi nimekuwa mjinga miaka sitini na sita."

Nahún ndiye aliyeuliza kwanza. "Na vizibao vya bluu, don Abelardo?"

"Vizibao aliviagiza Adela."

Hapo hata Reina alicheka, akijifunika mdomo.

Mnyapara si mtu mbaya, ila ana bwana juu yake, na bwana hataki kahawa mbichi. Alisema anaelewa, lakini kuelewa hakutenganishi kahawa. Chepina alikuwa ameshaanza kula chapati ya mahindi na parachichi, kwa sababu Chepina akiwa na huzuni hula. Nahún alimtazama, akauliza taratibu, "Don Abelardo, wewe sokoni parachichi unachaguaje?"

"Kwa kidole gumba. Kama kila mtu. Nani anachagua parachichi kwa rangi?"

Kisha sote tukageuka tukatazama mbuni uliokuwa karibu. Mnyapara alichuma tunda, akalibonyeza, akachuma lingine, akalibonyeza. Miaka thelathini anachuma, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alifanya vile akiwa anafikiri.

"Bivu linabonyea," alisema. "Bichi ni kokoto."

Makubaliano ni haya. Nahún anabaki hadi tarehe sita Januari, Sikukuu ya Wafalme. Achume kwa kupapasa kwa vidole. Kila jioni, kabla kikapu chake hakijamwagwa guniani, Klabu itapekua na kutoa kahawa mbichi. Tarehe sita mnyapara atapekua mwenyewe, na hakutakuwa na msaada. Ikiwa bado ina mbichi nyingi, basi kazi imekwisha.

19 Desemba

Kikapu cha kwanza: karibu nusu ni mbichi. Magoti yangu yamekufa.

20 Desemba

Don Abelardo hawezi kupekua, kwa sababu inayojulikana. Kwa hiyo amejifunga kikapu kiunoni anachuma mstari mmoja na Nahún, wote wawili wamefumba macho. Sisi wanawake tunapekua vikapu viwili. Cha don Abelardo ni kibaya zaidi. Nahún anamfundisha: usivute, geuza kidogo, bivu litakuja lenyewe, bichi litakukatalia.

"Umejifunza wapi?" nilimuuliza.

"Jana," alisema.

24 Desemba

Tumekula shambani nakatamali za Reina, unga wa mahindi uliojazwa nyama, zikiwa bado na moto ndani ya majani ya migomba. Kikapu cha Nahún kina mbichi moja katika kila sita. Elmer alikuja kumsalimia, kijana mchangamfu, mkoba mpya mgongoni tayari. Alimwonyesha Nahún zipu zote za mkoba.

27 Desemba

Mbichi moja katika kila kumi. Don Abelardo, moja katika kila tatu. Nahún anamwita "mwenzi" sasa. Don Abelardo hamkosoi.

30 Desemba

Siku mbaya. Mvua ya baridi tangu jana, matunda yamekuwa magumu kama shanga, vidole havina hisia. Kikapu cha Nahún kilikuwa kama cha siku ya kwanza. Alikitazama kikiwa kimemwagwa kwenye turubai, na sisi wazee watano tumepiga magoti kuzunguka, vizibao vimeloa, tunatoa mbichi, tunatoa mbichi.

"Acheni," alisema.

Tuliendelea.

"Nimesema acheni. Mtafanya hivi mpaka lini? Mpaka mfe? Naenda na Elmer. Huko kuna kazi ya kubeba matofali, tofali halina bichi wala bivu."

Nilifungua mdomo nimwambie habari za kaka wa Elmer. Chepina alinikanyaga mguu. Don Abelardo alivua kikapu chake taratibu, mgongo ukilia.

"Nenda," alisema. "Ukitaka kwenda, nenda, wewe si mtoto. Lakini usiende kwa sababu ya mvua. Mimi nilikuwa na umri wako nilipoacha kujaribu. Nikatafuta mtu wa kunionea, nikamwoa. Adela ni mwanamke mwema na nampenda, lakini miaka arobaini sijawahi kumwacha aende kulala kwa dada yake bila kuogopa."

Nahún alishuka mlima bila kuaga. Don Abelardo alivaa tena kikapu, akarudi kwenye mstari, akachuma hadi giza lilipokaribia. Kikapu chake sikumwambia kilikuwaje.

1 Januari 1997

Hakuja shambani. Hakuna aliyekuja, ni mwaka mpya.

2 Januari

Hakuja.

3 Januari

Hakuja. Reina anasema yuko nyumbani, hasemi. Amejifungia na gunia la maharage. Nilimuuliza anafanya nini na maharage, akasema hajui, anasikia tu yakimwagika.

Zamani ningekwenda kumgongea. Nilikaa kwangu nikashona vifungo. Naogopa, naandika wazi: naogopa kuliko nilivyoogopa mume wangu alipolazwa. Yule nilijua yuko wapi.

4 Januari

Mvua imekatika.

6 Januari

Basi la Elmer lilikuwa la saa kumi na moja alfajiri, pale kanisani. Kutoka dirishani kwangu kituo kinaonekana. Sikufungua dirisha. Nilisikia injini, nikasikia mlango, nikasikia likipanda mlima na kupotea. Kisha nikavaa kizibao na kwenda kungoja gari la maziwa, kwa sababu tulisema tarehe sita, na sisi tutakuwepo hata kama yeye hayupo.

Chepina alikuwepo. Don Abelardo alikuwepo na Adela, mara yake ya kwanza. Tulipanda bila kuzungumza.

Reina alitupokea getini. Nilimtazama usoni, nikashindwa kuusoma uso wake.

"Elmer ameondoka peke yake," alisema, na ndipo akaanza kulia, amesimama wima, bila kujifuta.

Nahún alikuwa mstari wa tatu. Alianza kabla hakujapambazuka, alisema mnyapara, kabla hata mwenye macho hajaweza kuona tunda. Nilisimama mbali nikamtazama. Uso wake ulikuwa umegeukia upande mwingine kabisa, kwenye bonde, kama mtu anayesikiliza maongezi ya watu, na vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe kwenye matawi. Gumba lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa. Usiku na mchana, Reina aliniambia, alitenganisha maharage makavu na yaliyolowekwa, ndani ya gunia, bila kutazama.

Saa sita mnyapara alitandika turubai. Akamwaga kikapu. Tulirudi nyuma hatua tatu, kama tulivyoahidi. Adela alimshika mumewe mkono. Don Lisandro alipiga goti, akatandaza kahawa kwa kiganja, akapekua bila haraka upande mmoja, kisha upande wa pili. Akatoa tunda moja la kijani, akaliweka pembeni. Baadaye la pili. Mwishoni kulikuwa na manne.

Aliyatazama. Akakung'uta magoti, akainuka.

"Mimi mwenyewe huwa natoa sita," alisema, akamrushia Nahún gunia tupu. "Mstari wa tisa haujaguswa. Kesho uje na mama yako."

Hakuna aliyepiga makofi. Don Abelardo alitaka, nilimwona mikono ikijiandaa, akaiweka mfukoni.

Jioni nilishuka kwa miguu pamoja na Nahún hadi barabarani, kwa sababu gari lilijaa. Alikuwa mchovu na mwenye furaha, akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Karibu na daraja akauliza:

"Doña Tomasa, nyekundu ikoje?"

Nilianza kumjibu. Nilisema ni ya moto, lakini moto anauona ni wa njano. Nilisema ni ya damu, akasema damu kwake ni kama matope. Nilifikiria rangi zote nilizoziona maishani mwangu, vidonge vyote, vitambaa vyote, nikakosa hata moja ya kumpa. Nilimwambia kweli: sijui kusema.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa tunda moja la kahawa, akaliweka kiganjani kwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake. "Mimi najua," alisema. "Fumba macho."

Nikafumba, palepale katikati ya barabara, nikabonyeza polepole kwa gumba, likabonyea.